Jenereta lako linaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo

KILWA Masoko, saa 1:30 usiku. Mvua ya masika imenyesha tangu alasiri, upepo unatikisa minazi, na ghafla taa zinazimika mtaa mzima. Kwa dakika moja kinachosikika ni mvua juu ya mabati. Kisha jenereta la kwanza linaunguruma, likafuatiwa na la pili.

Katika nyumba moja, mama anayeuza samaki na barafu anafungua friza, anagusa ndani kwa kiganja, analifunga haraka. Amejaza changu na jodari wa siku mbili. Umeme usiporudi hadi asubuhi, mtaji wote utanuka.

Mlango unabishwa. Ni mdogo wake, amelowa, amebeba jenereta dogo na waya mrefu begani.

“Shikamoo, mjomba,” kijana wa kidato cha tatu anampokea.

“Marahaba. Nimulikie hapo kwenye soketi.”

“Mjomba, mbona huo waya una plagi pande zote mbili?”

“Ndiyo siri yenyewe. Huku naingiza kwenye jenereta, huku kwenye soketi ya ukutani. Nyumba nzima inawaka, hatuna haja ya kuburuta waya chumba kwa chumba.”

Familia hii ni ya mfano tu. Waya ule si wa mfano. Unatengenezwa na kutumika katika nyumba nyingi zenye jenereta, pwani na bara, na wanaoutumia wengi ni watu waangalifu wanaozipenda familia zao. Taa zinawaka, friza linavuma, watoto wanashangilia. Hakuna anayeona ubaya wowote.

Ubaya uko mita mia kadhaa kutoka hapo, ambako fundi wa TANESCO amefunga mkanda wake kwenye nguzo, gizani, akitafuta kuti la mnazi lililoangukia waya. Ili kuelewa namna jenereta la sebuleni linavyoweza kumfikia fundi huyo, ni lazima kujua kwanza umeme unavyozaliwa na unavyosafiri. Si somo gumu. Waliowahi kuendesha baiskeli yenye dainamo wanalijua nusu yake tayari.

Somo la dainamo ya baiskeli

Wazee wengi wanaikumbuka ile chupa ndogo ya chuma iliyokuwa ikiegemezwa kwenye tairi. Gurudumu likizunguka, kichwa cha dainamo kinazunguka, taa ya mbele inawaka. Ukienda kasi taa inang’aa, ukipanda mlima polepole inafifia, ukisimama inazimika. Hakuna betri wala mafuta.

Ndani ya chupa ile mna vitu viwili vikubwa: sumaku na waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Sumaku inapozunguka karibu na waya, umeme unaamka ndani ya waya. Sumaku ikitulia, umeme unakoma. Hilo ndilo jambo la kushika: sumaku iliyotulia haizalishi kitu, hata iwe na nguvu kiasi gani. Kinachoamsha umeme ni mabadiliko ya nguvu ya sumaku inayopita kwenye waya.

Aliyeligundua jambo hili ni Mwingereza Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, aliyeanza maisha akijifunza kazi ya kujalidi vitabu jijini London. Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akazungushia nyaya mbili zisizogusana, moja upande huu na nyingine upande ule. Waya wa kwanza aliuunganisha na betri. Wa pili aliuunganisha na kifaa chenye sindano ya kuonyesha umeme. Alipounganisha betri, sindano ilishtuka, kisha ikatulia. Alipoitoa, ilishtuka tena, safari hii upande wa pili.

Umeme ulikuwa umevuka kutoka waya mmoja hadi mwingine bila nyaya hizo kugusana. Kilichovuka ni nguvu ya sumaku ndani ya chuma, nayo ilifanya kazi pale tu ilipokuwa ikianza au ikikoma. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, Faraday alisukuma sumaku ndani ya mzunguko wa waya na kuitoa, akapata umeme kwa mkono wake mwenyewe.

Majaribio hayo mawili ndiyo asili ya vitu viwili vinavyohusika na friza la mama yule. Sumaku inayosogea ikazaa jenereta. Pete yenye nyaya mbili ikazaa transfoma.

Gesi, maji na petroli, kazi ni moja

Wakazi wa Kilwa wanaishi jirani na mojawapo ya vyanzo vikubwa vya umeme wa Tanzania. Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani humo, mwaka 1974. Uzalishaji wa kibiashara ulianza mwaka 2004, gesi ikipita kwenye bomba chini ya bahari kwa kilometa zipatazo 25 hadi Somanga, kisha nchi kavu kwa kilometa zaidi ya 200 hadi Dar es Salaam.

Hata hivyo, gesi si umeme. Kinachofika mtamboni ni moto unaosubiri kuwashwa. Gesi inachomwa, moto unasukuma mtambo, mtambo unazungusha mhimili, na kwenye mhimili huo pamefungwa sumaku kubwa inayozunguka katikati ya nyaya nene za shaba. Ni dainamo ya baiskeli iliyokua.

Kwa miaka mingi mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa nje ya gridi ya taifa, na Kilwa Masoko iliwashwa kwa majenereta ya dizeli. Kwa hiyo palikuwa na miaka ambayo gesi ya Kilwa ilikwenda kuwasha taa za Dar es Salaam, huku dizeli ikisafirishwa kuja kuwasha taa za Kilwa. Baadaye kilijengwa kituo cha gesi cha Somanga Fungu, chenye uwezo wa megawati 7.5, ili gesi iwahudumie pia wenyeji wa ukanda huo.

Kaskazini kidogo, kwenye Mto Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Kule kinachosukuma ni maji badala ya moto. Katika jenereta dogo la mjomba kinachosukuma ni petroli. Ndani, kazi ni ileile: kuzungusha sumaku karibu na waya, au waya karibu na sumaku.

Kila sumaku inapopita, umeme unasukumwa mbele, kisha upande wa pili wa sumaku unapofika unavutwa nyuma. Ndiyo maana umeme wa nyumbani ni wa kwenda na kurudi, mara 50 kila sekunde. Jenereta dogo la kawaida la petroli hupata mara hizo 50 kwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika.

Watumiaji wa jenereta wanalijua jambo jingine. Ukichomeka pasi, muungurumo unabadilika, kama lori linalopanda mlima. Mwenye dainamo naye alijua kuwa taa ikiwaka, kanyagio linakuwa zito. Umeme unapotumika, waya nao unageuka kuwa sumaku inayoipinga ile inayozunguka, na injini inalazimika kusukuma zaidi. Umeme wa bure haupo. Kila kikombe cha chai kilichochemshwa kwa jenereta kimelipiwa kwa petroli iliyozidi tenkini.

Sanduku linalovuma juu ya nguzo

Umeme ukishazaliwa, kuna tatizo la safari. Waya wowote hupata joto umeme unapopita, na joto hilo ni umeme uliopotea. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ukiongezeka mara kumi, joto linakuwa mara mia.

Dawa yake ni kusafirisha umeme kwa msukumo mkubwa na mkondo mdogo. Msukumo ndio unaopimwa kwa volti. Ukipandisha volti mara kumi, unaweza kufikisha umeme uleule kwa mkondo wa sehemu moja ya kumi, na joto linalopotea njiani linashuka hadi sehemu moja ya mia. Ndiyo maana nyaya nyingi zinazopita kando ya barabara kuelekea vijijini hubeba volti 33,000, ilhali soketi ya nyumbani ina volti 230.

Kinachobadilisha volti hizo ni transfoma, lile sanduku la chuma lililobebwa na nguzo, linalosikika likivuma usiku mtaa ukiwa kimya. Ndani yake hakuna kinachozunguka. Mna pete ya chuma kama ile ya Faraday, yenye nyaya mbili zilizozungushwa. Umeme wa laini unaingia kwenye waya wa kwanza. Kwa kuwa umeme huo unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, nguvu ya sumaku ndani ya chuma haitulii hata kidogo, na kutotulia huko kunaamsha umeme kwenye waya wa pili unaokwenda majumbani. Mvumo unaosikika ni chuma chenyewe kikitetemeka.

Volti zinategemea hesabu ya mizunguko. Kwenye transfoma ya kushusha volti 33,000 hadi 230, kwa kila mzunguko mmoja wa waya upande wa nyumbani, upande wa laini una mizunguko 143 hivi. Nambari hiyo ikumbukwe, kwa sababu ndiyo itakayorudi kumdhuru fundi.

Umeme wa betri, ambao hauendi na kurudi, haupiti kwenye transfoma. Sindano ya Faraday ilishtuka wakati wa kuunganisha na kutoa betri tu. Katikati ya hapo ilitulia.

Transfoma nyingi hujazwa mafuta maalumu. Kazi yake ni kuondoa joto na kuzuia umeme usiruke kutoka waya mmoja hadi mwingine. Wanaoiba mafuta hayo hawaibi kitu cha ziada. Transfoma iliyokaushwa inapata joto, inaungua, na kijiji kizima kinabaki gizani, zahanati na mashine ya kusaga vikiwemo. Mafuta hayo si ya kukaangia chakula kamwe, na baadhi ya yale ya zamani yana sumu inayokaa mwilini kwa muda mrefu.

Transfoma haijui mbele wala nyuma

Sasa turudi sebuleni, mahali mjomba ameshika waya wenye plagi mbili.

Transfoma haina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Ni nyaya mbili na chuma. Ukitia umeme wa kwenda na kurudi upande wa laini, unatokea upande wa nyumbani umeshushwa. Ukiutia upande wa nyumbani, unatokea upande wa laini umepandishwa, kwa hesabu ileile ya 143.

Mjomba akichomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani bila kuitenga nyumba na laini, volti 230 hazibaki ndani ya nyumba. Zinapita kwenye soketi, kwenye meni swichi, kwenye mita, zinapanda waya wa nje hadi kwenye transfoma ya mtaa. Pale zinazidishwa mara 143. Juu ya nguzo, laini ambayo kila mtu anaamini imekufa, inaweza kuamka na volti 33,000.

Wapo wanaosema jenereta dogo halina nguvu ya kumdhuru mtu mbali hivyo. Ni kweli kwamba mara nyingi nyumba za jirani zilizo kwenye laini hiyo hulielemea likazimika. Lakini waya ukiwa umekatika karibu, au majirani wakiwa wamezima meni swichi zao, hakuna wa kulielemea. Hesabu ni hii. Jenereta la kilowati 2, likipandishwa hadi volti 33,000, linaweza kutoa mkondo wa miliampia 60. Ni kidogo sana. Lakini vifaa vya kinga vinavyofungwa majumbani hutengenezwa vikate umeme unaovuja ufikapo miliampia 30, kwa sababu juu ya hapo moyo wa mtu uko hatarini. Sitini ni mara mbili yake.

Mafundi wa laini wana taratibu za kujikinga. Hupima waya kabla ya kuugusa, na huufunga kwenye ardhi ili umeme wowote utakaokuja upite huko. Lakini usiku wa mvua, na kazi nyingi zikisubiri, kosa moja linatosha. Na anayeweza kufika kwenye waya kabla ya fundi ni mtoto anayepita njiani na kuuona umelala kwenye majani, akasikia watu wazima wakisema, “Umeme umekatika.”

Hatari haiko nje tu. Plagi ya upande mmoja ikishaingia kwenye jenereta linalozunguka, meno ya plagi ya upande wa pili yana volti 230, wazi, mkononi mwa aliyeushika waya. Plagi ikichomoka kwenye soketi kwa bahati mbaya, anayeiokota anaokota umeme. Na umeme wa TANESCO ukirudi ghafla, unakutana na ule wa jenereta ukiwa haukwendi nao kwa mwendo mmoja. Jenereta laweza kuungua papo hapo na kuanzisha moto.

Cha kufanya nyumbani

Njia rahisi kuliko zote ni kuiacha soketi ya ukutani. Chukua waya wa eksitensheni ulio mzima, chomeka friza moja kwa moja kwenye jenereta, na taa moja au mbili ukitaka. Umeme wa jenereta hautagusa nyaya za nyumba, kwa hiyo hautafika kwenye nguzo.

Anayetaka nyumba nzima iwake afungiwe swichi ya chenji ova. Swichi hii ina upande wa TANESCO na upande wa jenereta, na haiwezi kuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo ubora wake: haitegemei kumbukumbu ya mtu. Kuzima meni swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu kuna usiku ambao mtu atasahau, au mtoto ataiwasha. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Jenereta likae nje, mbali na milango na madirisha. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua familia nzima usingizini. Baraza iliyozungushiwa ukuta si nje. Likingwe na mvua kwa paa lililo wazi pande zote, na lijazwe petroli likiwa limezimwa na kupoa.

Waya ulioanguka usiguswe, usirukwe, usisogezwe kwa fimbo, hata kama mji mzima uko gizani. Simama mbali, angalau mita kumi, zuia watoto, na utoe taarifa TANESCO au kwa uongozi wa mtaa. Chukulia kuwa kila waya una umeme, kwa sababu hujui nani mtaani amechomeka nini.

Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika katika maeneo ya Kilwa. Siku kama hizo ndizo majenereta yanapowashwa kwa wingi, na ndizo mafundi wanapopanda nguzo kwa wingi. Mambo hayo mawili hutokea usiku mmoja, kwenye nyaya zilezile.

Katika nyumba ile ya mfano, kijana wa kidato cha tatu bado ameshika tochi. Wiki iliyopita walisoma transfoma darasani, mizunguko upande huu na mizunguko upande ule.

“Mjomba, samahani. Mwalimu alituambia transfoma inafanya kazi pande zote mbili. Sasa huu umeme ukitoka hapa ukutani, si utapanda mpaka kule juu?”

Mjomba anautazama waya, kisha anautazama ukuta. Nje, kupitia dirishani, mwanga mdogo wa tochi unaonekana mbali, juu kuliko mapaa ya nyumba.

“Leta ile eksitensheni ya mama yako,” anasema. “Tutawasha friza peke yake.”

Sebule inabaki na giza hadi saa sita usiku. Samaki hawaharibiki.